Hadithi Ambayo Bibi Hakuifunga

Wiki nzima nilijigeuza kitandani kwa swali moja: je, mtu anaweza kumalizia hadithi ya marehemu bila ruhusa yake? Na ruhusa hiyo huombwa wapi? Redio moja hapa Gitega ilikuwa imetangaza kwamba itasoma hadithi za vijana, nami nilikuwa na moja tu ya kufaa. Ilikuwa ya Bibi yangu, na haikuwa na mwisho.

Ninyi mliokulia Giteranyi baada ya wazazi kurudi kutoka kambi za wakimbizi Tanzania mtanielewa haraka. Enzi zetu, na najua kaka yangu Fideli hucheka mpaka akakohoa akinisikia nikisema "enzi zetu" na umri wangu huu, tulikuwa na mambo yetu. Mpira tuliufunga kwa majani makavu ya mgomba. Rimu za baiskeli zilizochoka tulizisukuma kwa kijiti kuteremka mlima, na aliyeanguka alinyanyuka kabla damu haijapata nafasi ya kutoka. Shuleni watoto wenyeji walituita Watanzania. Mwalimu aliuliza kwa Kirundi, sisi tukajibu kwa Kiswahili, darasa zima likavunjika mbavu.

"Rudini kwenu, Watanzania!"

"Kwetu ndiyo hapa, na shamba mnalolima ni la babu yangu!" Fideli aliwajibu siku moja, kisha tukakimbia, maana hatukuwa na hakika na hilo shamba.

Nyumbani tulipokelewa na ile harufu kali ya muhogo uliovundikwa, uliotandazwa mkekani ukauke, na viazi vitamu vilivyozikwa kwenye majivu. Mama alitwanga isombe, yale majani ya muhogo, akituonya kwamba anayekula amesimama, chakula humwishia miguuni. Leo mtoto wa Fideli, huku Musinzira, mtaani kwetu Gitega, umeme ukikatika hukaa kama aliyefiwa. Nilijaribu kumsimulia ngano, akaniuliza kama naweza kuruka mpaka mwisho.

Lakini nilitaka kuwaambia habari za moto.

Viberiti vilikuwa adimu, kwa hiyo mwenye kaa lililolala salama majivuni ndiye aliyewasha majiko ya kijiji chote pale mlimani. Jua likikaribia kuzama, wanawake walipita na kigae cha chungu kilichovunjika, wakaomba kaa. Bibi hakumnyima mtu. Ila kulikuwa na utaratibu wake: anayeomba husimama mlangoni na kutaja jiko alikotoka. "Nimetoka kwa Petero." "Nimetoka kwa mama wa mapacha." Ndipo Bibi huchukua kibanio na kuchagua kaa. "Moto haunyimwi," alituambia, "lakini hauondoki na mtu asiye na jiko."

Na hadithi yake kubwa, ile aliyotusimulia jioni kwa jioni wakati maharage yakichemka, ilihusu jambo hilo hilo. Kulikuwa na mwanamke aliyekuja kila jioni kuomba moto. Watu walimpa. Lakini juu ya mlima alikoelekea hakuna aliyewahi kuona moshi. Basi msichana mmoja akasema, leo nitamfuata nijue anaupeleka wapi. Akaufuata ule wekundu uliokuwa ukipanda mbele yake gizani, hauzimiki wala haupungui.

Kila jioni Bibi alipokatiza ili tule, aliifunga hadithi kwa maneno yake: "Nisiishe mimi, iishe hadithi." Hata kama imefika katikati, aliifunga. Alisema ngano iliyoachwa wazi ni kama nyumba iliyoachwa wazi.

Jioni ya mwisho alifika hapa: "Msichana akafika juu kabisa, akachungulia, akaona..."

Mlango ukasukumwa kidogo. Hakuna aliyepiga hodi. Mkono uliingia ukiwa umeshika kigae. Bibi, ambaye bado alikuwa mlimani na msichana wake, alichukua kaa akaliweka kigaeni. Mkono ukatoka. Bibi hakuuliza jiko. Nadhani alilikumbuka hilo mara tu mlango uliporudi, kwa sababu alibaki amekishika kibanio hewani, akiutazama.

"Akaona nini, Bibi?" nikauliza.

"Kuleni kwanza."

Tukala, tukalala. Hadithi hakuifunga. Asubuhi tukamkuta mdomo umepinda upande mmoja, na sauti haipo. Aliishi mpaka maharage yakavunwa, kila siku macho mlangoni, na hakusema neno tena.

Fideli analo jibu lake. Anaendesha pikipiki mjini Gitega na hapendi mambo yasiyo na jibu. "We Odeta, mi nakwambia ile ilikuwa Mama Anisia, jirani. Bibi alikuwa na tension, presha ya damu, basi. Franchement, kusema kweli, wewe unafikiri mpaka kichwa kinatoa moshi."

Mchana namwamini. Lakini mimi ndiye niliyekaa karibu na mlango. Mama Anisia alikuwa mkulima, vidole vimepasuka kama udongo wa kiangazi. Mkono ule ulikuwa laini, hauna hata alama moja ya kuungua, kama wa mtu ambaye katika maisha yake hajawahi kuchochea jiko.

Mama naye aliamua tangu zamani kwamba hadithi ilipokosa kuisha yenyewe, ilimmaliza Bibi. Akakataza isiguswe. Nikakua, nikasoma, nikapata shahada, nikarudi kukaa kwenye sebule ya kaka yangu nikijiita mwandishi. Na kila ninachoandika kinakwama pale pale: mtu anakaribia kuona kitu, kalamu inasimama. Niliandika kuhusu harusi, ikakwama. Nikaandika kuhusu wabeba mizigo wa mpakani Kobero, wenye kelele za mchana kweupe, nao wakafika mbele ya lori lililofungwa turubai, wakachungulia, basi. Niliogopa nikimalizia nitaamka bila sauti. Kisha nikaogopa zaidi, kwamba huenda atakayeipoteza asiwe mimi.

Mwishowe nikapanda gari kwenda Muyinga, nikafika Giteranyi jua likielekea kuzama. Mama alikuwa jikoni anatwanga isombe, kama vile hajaondoka pale tangu nilipokuwa darasa la pili.

"Umekonda," alisema. "Huko Gitega hawapiki?"

"Mama, nimekuja kuimalizia hadithi ya Bibi."

Mchi ukasimama. "Nilikwambia nini?"

"Isiguswe. Lakini mimi naishi ndani yake, Mama. Siwezi kuandika kingine chochote."

"Si uandike barua za kuomba kazi kama wenzako?"

"Nimeandika. Hizo nazimaliza vizuri sana."

Alicheka bila kutaka, halafu akakasirika kwa kuwa amecheka. Akatwanga tena kwa nguvu. "Simulia ukitaka. Mimi sisikilizi."

Nikakaa pale alipokuwa akikaa Bibi, nikaanza. Mwanamke na kigae chake. Mlima usio na moshi. Msichana nyuma ya wekundu. Kadiri nilivyopanda mlima ule ndivyo mchi ulivyopunguza kelele, mpaka ukanyamaza kabisa.

"Akafika juu kabisa," nikasema, "akachungulia, akaona hakuna nyumba. Hakuna jiko. Mwanamke ameketi kwenye majani makavu, kaa mapajani, anajaribu kuota moto. Alikuwa anatetemeka. Msichana akashikwa na huruma, akamwambia: njoo kwetu. Yule akainua uso, akatabasamu, akamkabidhi kigae. Msichana akateremka kwao mbio. Akakuta mlango umefungwa, na ndani yule mwanamke ameketi na wazazi wa msichana, wanamwita mwanangu. Akawaita, hawakusikia. Akaona baridi. Basi akakishika kigae, akaenda mlango wa jirani."

Nikavuta pumzi ili nifunge.

"Usifunge wewe," Mama alisema. Alikuwa ameketi mlangoni, mgongo umeuegemea. "Yule alikuwa mama yangu. Nitafunga mimi."

"Mama, hapana."

"Nyamaza." Akayasema yale maneno ya Bibi polepole, yote, huku akilitazama jiko.

Sikumbuki nilichokula. Nakumbuka kwamba kulipopambazuka nilimwita Mama kabla sijafungua macho, na kwa muda fulani hakuna kilichojibu.

"Unaniitia nini?" ikaja sauti kutoka uani. "Jua limetoka, mwandishi hajachota hata maji."

Nilichota, nikilia kidogo njiani. Siku hizi Giteranyi kila mtu ana kiberiti cha gesi mfukoni. Hakuna anayebisha hodi jioni, hakuna anayejua jirani kapika au kalala njaa, na vigae vya vyungu vimezikwa kwenye udongo wa njia, tunavikanyaga. Zamani tuliogopa pamoja. Sasa kila mtu anaogopa na simu yake.

Nikaketi uani juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikauandika ule mwisho kama nilivyousimulia. Sikubadilisha neno. Nikaituma redioni, kisha nikaenda kumsaidia Mama kuwasha jiko.