Ufagio Niliofunga Mbichi

Nilipoolewa Chumbageni, mjini Tanga, miaka ya hamsini, nilipelekwa na vyombo vya kutosha: masufuria, mkeka wa rangi, mbuzi ya kukunia nazi na fagio tatu za chelewa. Mama alimwambia mama mkwe wangu kuwa fagio zile nimezifunga mimi kwa mikono yangu. Ulikuwa uongo mtupu. Zote tatu alizifunga yeye, barazani kwetu Kigombe, huku mimi nimekaa pembeni nikila maembe mabichi kwa chumvi na kulalamika kuwa vumbi la njukuti linaniwasha.

Njukuti ni ule uti mwembamba wa katikati ya jani la mnazi, na mama alikuwa na jina kwa njukuti zake. Ufagio wake ulifagia uani mwaka mzima bila kudondosha kijiti, na watu wa mjini walikuwa wakimwagiza kupitia utingo wa basi. Alikuwa mjane, na mimi ndiye mtoto wake wa pekee. Nilikuwa pia mvivu, nasema bila kuona haya, maana sasa nimezeeka na hakuna wa kunichapa.

Nyumba niliyoolewa ilikuwa na dasturi yake. Fungate ikiisha, bi harusi hufunga ufagio mpya kwa makuti ya mnazi wa uani kwa mumewe, kisha Ijumaa inayofuata hufagia nao mbele ya wanawake wa ukoo. Basi siku ya nane mama mkwe akaniwekea lundo la makuti mabichi, yamekatwa alfajiri hiyo hiyo, pamoja na kisu kidogo.

"Haya mwanangu," akasema. "Kazi ya kwenu hii, mimi nikufundishe nini? Usifanye haraka, Ijumaa bado mbali."

Ningekuwa na akili ningelishika hilo neno la haraka. Lakini nilikuwa nataka sifa. Nilichuna makuti asubuhi nzima, vidole vikachubuka, nikameza machozi. Nikazikusanya njukuti, nikazizungushia kamba ya makumbi, nikaivuta kwa mguu na kwa meno kama nilivyokuwa nikimwona mama akifanya. Alasiri ufagio ulikuwa tayari, mnene, unanukia ubichi. Mama mkwe akaupima mkononi, akanitazama, akasema tu, "Mashallah, mbona upesi hivi?" Mimi nikavimba kichwa. Nikausimamisha ukutani, penye jua kali, ili kila aingiaye auone.

Nisichokijua, kwa kuwa siku zote macho yangu yalikuwa kwenye maembe, ni kwamba njukuti huanikwa siku tatu nne kabla ya kufungwa. Ikiwa mbichi ina maji. Ikikauka husinyaa, na kamba uliyoikaza mpaka ukatoka jasho hubaki imekumbatia hewa.

Ijumaa, baada ya swala, wanawake walijaa uani. Mikeka ilitandikwa, kahawa ikaja, vitumbua vikaja. Nikatoka na kanga mpya, nikasalimia, "Shikamooni," nikainama kufagia kwa madaha yote niliyokuwa nayo. Mkono wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili, kijiti kimoja kikachomoka. Nikajifanya sikukiona. Vikachomoka vitatu, kisha sita, nyuma yangu kila nilipopita pakabaki mstari wa njukuti zimesimama mchangani.

"Mwanangu," akauliza shangazi wa mume wangu, kikombe hakijafika mdomoni, "unafagia au unapanda?"

Uani mzima ukaangua kicheko. Ningeweza kuacha, lakini mimi ni mbishi. Niliendelea kufagia mpaka karibu na mlango, na hapo nikajikuta nimeshika kitanzi cha kamba na vijiti visivyozidi kumi. Kucheka kwao ningekustahimili. Lakini wifi yangu mkubwa akasema taratibu, "Na zile tatu zilizotoka Kigombe, alizifunga nani?"

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Uvivu wangu ulikuwa jambo dogo, nani asiyejua wasichana wavivu? Lililokuwa likitaka kuvunjika pale ni neno la mama yangu, alilolitoa mbele ya wakwe zake, na jina lake zuri pamoja nalo.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Sikuamini masikio yangu. Alikuwa mama, amesimama mlangoni na kikapu cha samaki wakavu wa ng'onda kichwani, vumbi la basi mpaka kwenye kope. Hakuna aliyemwalika. Kwetu mama wa bi harusi haendi kwa mkwewe mpaka aitwe, na siku zangu hazijatimia hata mwezi. Akatazama mchanga uliooteshwa njukuti, akatazama kamba mkononi mwangu, akatazama uso wangu.

"Alaa! Umeshalegea?" akasema. "Afadhali nimewahi."

"Umewahi nini, mwenzangu?" akauliza mama mkwe.

"Ufagio huo. Sisi Kigombe mwari akiolewa, ufagio wake wa kwanza huufunga mbichi makusudi. Ukilegea, mamaye huja akaukaza. Kwani hamkuambiwa?"

Wangeambiwa na nani? Dasturi yenyewe ilikuwa imezaliwa pale pale mlangoni, haijafikisha dakika. Lakini mama aliisema kwa utulivu hata mimi nikaanza kuikumbuka. Akatua kikapu, akakaa chini, tukaziokota njukuti mimi na yeye. Akazigonga kitako zikawa sawa, akazifunga mizunguko miwili, akachonga kigingi, akakipigilia katikati kwa mchi wa kinu mpaka kamba ikalia. Kisha akanirudishia ufagio, nikafagia uani wote. Hakikutoka hata kijiti kimoja.

Mama mkwe alikuwa akimtazama muda wote, mkono shavuni.

"Dasturi nzuri," akasema mwishowe. "Na mtoto akifunga mwingine mbichi, unakuja tena?"

"Sina budi, mwenzangu."

"Basi karibu. Mnazi wangu una makuti tele."

Tulipobaki wawili chumbani, mama alinifinya paja mpaka nikaruka. "Nimesema uongo siku ya Ijumaa," akaninong'oneza kwa hasira, "nimesema uongo kwa watu wazima, kwa uvivu wako wewe!"

Nikasugua paja. Nikamwuliza kwa ujeuri wangu, "Na wewe nani kakuita? Ng'onda hawapo Tanga?"

Nilidhani atanifinya tena. Badala yake akageuka, akaanza kukunja kanga yangu iliyokuwa tayari imekunjwa.

"Leo siku ya kumi na tatu," akasema, "nafagia nyumba isiyo na mtu wa kuichafua."

Nililia, naye akalia, kisha akaniambia nikanawe uso nisije nikaonekana. Jumatatu yake nikamwomba mama mkwe makuti, naye akaniagizia mabichi kabisa, bila kuniuliza ya nini.