Ubani Chini ya Pikapu

Jumamosi nilikuwa Changamwe, kwenye uwanja yanakouzwa magari makuukuu ya jeshi tangu vita viishe. Bwana mmoja wa Jomvu alikuwa akiizunguka pikapu isiyo na milango kwa mara ya saba, akiipapasa kama mtu anayechagua ng'ombe.

"Injini nzima, wallahi!" muuzaji aliapa. "Betri tu imekufa."

"Nikiipaka rangi na kuishonea viti," bwana yule alimwambia mkewe, macho yaking'aa, "nazi zetu zitafika sokoni kabla jua halijapanda. Lakini je, kama injini nayo imekufa?"

Mkewe alitoa chetezo kikapuni, akatia makaa aliyoyaomba kwa muuza kahawa, akanyunyiza ubani, akakisukuma chini ya injini. Kwao kitu kipya hakiingii nyumbani bila kufukizwa.

"Mke wangu, hata hatujanunua!"

"Moyo wako ulinunua tangu mzunguko wa kwanza, bwana."

Moshi ukafuka kupitia boneti. Muuzaji alikuwa upande wa pili, hakukiona chetezo. Aliruka juu akipiga makofi: "Imewaka! Jamani, imewaka yenyewe!"

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Kwa mshangao ule wa muuzaji, bei ilishuka pale pale, na pikapu ikaondoka ikivutwa na ng'ombe wawili, mwenyewe ameshika usukani, akipiga honi kwa mdomo.

Nami nimepata funzo: usihangaike kumwapisha muuzaji. Kifukize anachokiuza, kisha umtazame uso.