Chakula cha Kituruki Kilichotiwa Tui

Mwanangu wa kike yuko Uturuki na mumewe, wanauza nguo. Mimi niko Rasbura, hapa Lindi. Ramadhani imekuja ikaondoka hayupo, ikaja tena hayupo, na kila nikimuuliza utarudi lini ananiambia, "Tukijaliwa, mama." Neno zuri, lakini huwezi kulitandikia kitanda.

Basi nikabuni langu. Kila Ijumaa anaponipigia simu ya picha namuuliza Ijumaa ijayo watapika nini. Akishanitajia, ikifika siku nami napika hicho hicho, ili tule kitu kimoja. Nimeshapika supu yao ya dengu, nimeshapika biringanya zilizopasuliwa tumbo zikajazwa nyama. Marehemu mume wangu angecheka. Yule alikuwa mvuvi wa Songo Songo, na kwake chakula kisichokuwa samaki kilikuwa dawa. Ukimwekea nyama anauliza, "Nani mgonjwa humu?" Lakini nimetoka njiani.

Kiangazi hiki akanitajia wali unaofungwa kwenye majani ya mzabibu. Mzabibu mimi nautoa wapi? Nikachuma majani ya maboga uani, nikayamenya nyuzi, nikayachovya maji ya moto yalegee, nikafunga mchele, vitunguu na ndimu, kidogo kidogo kama anayefunga tambuu. Bibi yangu kule Kinjumbi alikuwa mtu wa tambuu, meno mekundu, na hakuna mtoto aliyethubutu kumcheka. Haya. Nikavipanga vibunda vyangu kwenye sufuria. Kisha, wallahi sijui ilikuwaje, nikajikuta nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi. Nilipokumbuka kwamba nazi sikuambiwa, tui limeshaingia.

Vilipoiva nikampelekea sahani jirani yangu, Mmwera wa huko bara, mwanamke mwenye mdomo. Halafu simu ikalia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Tazama." Nikaipeleka simu juu ya sufuria.

"Mama! Mbona vyeupe hivyo? Umetia tui?"

"Kwani hao hawatii?"

"Hawatii. Mafuta na ndimu, basi."

"Maskini. Sasa kinashukaje kooni?"

Akacheka mpaka akakohoa. Mumewe akadakia kwa nyuma, "Mama, wasikusikie watu wa huku, watatufukuza!"

Nikaiegemeza simu kwenye kopo la sukari ili tule tunatazamana. Mara hodi, jirani huyo kaingia na sahani yangu. Kwetu sahani ya mtu huirudishi tupu, hata kama ni chumvi utatia.

"Dada, vile vibunda nimekula," akasema. "Ila nilipoviona nilidhani unanitumia hirizi."

Akafunua. Ming'oko! Vile viazi vya porini, virefu kama vidole, vinachimbwa msituni wakati wa kiangazi, vinachemshwa na chumvi. Ilikuwa bado inatoa moshi, na pilipili pembeni.

Kwenye simu kicheko kikakatika.

"Mama, hiyo ming'oko?"

"Ndiyo."

"Menya mmoja nione."

Nikamenya kwa kucha, nikachovya, nikala. Mwanangu ananitazama mdomo vilevile alivyokuwa akinitazama akiwa mdogo, anaposubiri kubakiziwa. Sahani yake ya wali wa majani iko mbele yake, hajaigusa.

"Niwekee," akasema.

Angeniomba korosho ningebangua nikatia koponi. Angeniomba embe ningezianika. Mtu wa kumpelekea ningemtafuta mpaka nimpate.

"Ming'oko haiwekeki, mwanangu. Ikilala inaharibika. Hii ni mtu kuijia mwenyewe."

Nikangoja aseme tukijaliwa. Hakusema. Akauliza, "Inakwisha lini?"

"Mvua zikianza tu, hamna tena."

Nikamwona anamgeukia mumewe, wanasemezana kwa sauti ndogo. Mimi masikio yangu ya uzee hayakupata hata neno. Jirani akanigusa goti. "Dada, kula, inapoa." Nikala.

Tangu siku ile kazi yangu ni kutazama mbingu. Watu wa mashamba wanaomba mvua, nami ni Muislamu, siwezi kukataa dua ya wenzangu. Naitikia amina. Lakini naitikia kwa sauti ya chini.