Wiki Mbili Zile ni za Nani?

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu wa mwisho, ni fundi mitambo migodini. Hukaa Kanda ya Ziwa miezi mingi, na mkataba ukiisha hurudi kwake Wazo kusubiri mwingine. Safari ile alirudi wiki ya kipaimara cha binti yangu. Kanisani tulimwona sote, amevaa suti inayombana kwapani. Baadaye ndugu walipotakiwa kuthibitisha siku aliyorudi, wengine walikumbuka tarehe. Mimi nilikumbuka suti.

Mdogo wangu alipopata mimba walikwenda kliniki pamoja, kwa sababu pale mjamzito aliyefuatana na mwenza wake huhudumiwa kwanza, na shemeji hapendi foleni. Muuguzi alipapasa tumbo, akauliza hili na lile, akasema, "Wiki kumi na mbili, mama." Shemeji akapiga hesabu njiani. Tangu ashuke kwenye basi zilikuwa zimepita wiki kumi tu. Hakugomba. Siku ya tatu akampigia simu baba yake mkubwa.

Mdogo wangu alikuja kwangu Sinza mchana, baa ya jirani ikijaribu spika zake. Nimesoma chuo kikuu, nimeandika makala kuhusu karibu kila jambo, lakini hilo la wiki yeye ndiye aliyenieleza.

"Kaka, hawahesabu tangu tulipokutana. Siku yenyewe nani anaijua? Wanahesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Kwa hiyo wiki mbili za mwanzo mimba hamna, ila zinaingizwa kwenye hesabu."

"Mumeo umemwambia?"

"Nimemwambia jikoni, nimemwambia chumbani. Anasema nimefundishwa la kusema."

Kikao kilikuwa kimeshaitwa. Na kwenye kikao cha namna ile mke hajisemei. Husemewa na kaka yake, mwenyewe hukaa kwenye mkeka, macho chini, akisubiri. Ningeshindwa, angetoka pale mke aliyerudishwa kwao, na mtoto angezaliwa bila ukoo wa baba kumpokea.

"Nakuomba kitu kimoja," akasema. "Usianze na Wagiriki, kama kwenye makala zako."

Wagiriki hawakuwa tatizo langu. Tatizo ni kwamba sijawahi kutamka neno hedhi mbele ya dada yangu huyu, sembuse mbele ya wakwe zake. Kwetu mambo hayo yalipita nyumbani kwa macho tu, kama habari za msiba ambao watoto hawajaambiwa. Mpaka leo nikitumwa dukani kununua pedi za binti yangu, nanunua na mkate na gazeti, nafunika.

Jumapili baada ya ibada tukakaa sebuleni kwa baba mkubwa, Mbezi Beach. Ni mzee mstaafu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Mshenga aliyeposa naye aliitwa, maana ndoa ikitikisika hutafutwa yule aliyeileta. Soda zikagawiwa. Shemeji hakufungua yake.

"Kijana wetu ana wiki kumi tangu arudi," mzee akasema. "Mimba ina kumi na mbili. Sina maneno mengi. Wiki mbili zile ni za nani?"

Nikasimama, ingawa hakuna aliyeniambia nisimame. "Shikamoo tena, baba," nikasema, nikasikia mshenga akicheka puani. Nikaanza na kalenda. Nikaenda kwenye mwezi, nikakaribia kabisa kufika kwa Wagiriki. Dada yangu akakohoa.

Basi nikalitamka. Nilisema hedhi mara ya kwanza kwa sauti ya kunong'ona, mara ya pili kwa sauti kubwa mno, kama mwalimu anayetaka asikike mpaka dawati la nyuma. Nikaeleza kwamba wakunga na madaktari huanzia hapo kwa sababu ni siku mwanamke anayoweza kuikumbuka, na kwamba mimba huingia kama wiki mbili baadaye.

"Yaani hana mimba, anahesabiwa ana mimba?" mzee akauliza.

"Ndiyo, baba."

"Hospitali gani hiyo inahesabu kitu ambacho hakipo?"

Mshenga akaweka soda chini. "Mzee, we si una wapangaji? Mtu akichukua funguo leo, akahamia baada ya wiki mbili, kodi unahesabu tangu lini?"

"Tangu funguo."

"Sasa je!"

Mzee akacheka, na kicheko chake kikawa ndiyo hukumu. Shemeji akajifuta uso. "Ningejua hivyo," akasema, "tusingefika huku."

Mdogo wangu akainua macho kwa mara ya kwanza. Akanitazama, nami nikaelewa. Nilikuwa nimerudia maneno yake yale yale. Kinywani mwake yalikuwa uongo, kinywani mwangu yakawa elimu.

Ikabaki faini, maana aliyemsingizia mke hatoki hivi hivi. Mshenga akanigeukia, nitaje upande wetu unataka nini. Nilikuwa namfikiria mbuzi.

"Mie nataka aeleze yeye," dada yangu akasema. Sebule nzima ikageuka. "Mbele ya baba. Jinsi wiki zinavyohesabiwa."

"Binti, ameshaelewa," mzee akasema.

"Basi haitamsumbua."

Shemeji akakaa sawa. "Mimba inahesabiwa tangu siku niliyorudi..."

"Hapana," akasema mkewe. "Anza upya."

"Tangu... siku zako zile za..."

"Zinaitwaje?"

Nilitamani nitoke. Mshenga alikuwa anasoma kizibo cha soda. Mara ya tatu shemeji alilitaja neno, akaenda mpaka mwisho pole pole, kama mtoto anayesomeshwa katekisimu, na sauti ikamkatika alipofika kwenye zile wiki mbili.

"Umeridhika, mwanangu?" mzee akauliza.

"Nimesikia, baba."

Akainuka, akachukua mkoba wake, wakaondoka pamoja kurudi Wazo. Yeye alitangulia, na mumewe akamfuata nyuma. Mzee akasema mambo yamekwisha. Mshenga akaomba soda nyingine. Mimi nilikuwa nimesikia alichojibu mdogo wangu, na hakuwa amejibu alichoulizwa.