Albamu ya Sikio Moja

Mdogo wangu tulimwita Masikio tangu hajang'oa meno ya utoto. Mtu akikanyaga uani, yeye yuko ndani anakwambia, huyo shangazi, huyo mjomba na kavaa viatu vipya. Alipokua akayafanyia kazi hayo masikio. Alichukua chumba cha nyuma, akatundika magodoro kutani, akaleta mashine yenye vitufe vingi kama chunusi, akawa anarekodi watu. Kwaya, matangazo ya sabuni, wote walikuja. Mke alimkimbia, kachoka kuambiwa "nyamaza kwanza" kutwa nzima. Simlaumu.

Tunaongea, mimi naye, lakini lipo moja sijamsamehe. Mama alipougua alituusia kwenye kaseti, upande mzima. Masikio akaja akarekodi juu yake mazoezi ya bendi ya wenzake. "Nilidhani tupu, dada." Tupu wapi, na iliandikwa! Mimi kusoma kwangu ni kwa kuokoteza, lakini "Mama" naijua.

Sasa sikio lake la kushoto likafa. Hakusema. Nilijua siku niliposimama upande huo nikamwita mbuzi, akaendelea kukunja waya. Nikahamia kulia nikarudia. Akaruka.

"Dada, matusi ya nini asubuhi yote hii?"

"Nenda hospitali."

"Watu wakijua, nani ataleta wimbo kwa fundi kiziwi?"

"Mficha uchi hazai."

"Umri huu nizae nini tena?"

Basi, nikamwacha.

Wakaja vijana wanne kurekodi albamu. Wanapiga roki, wakasema, ila ya kujaribujaribu. Kweli walijaribu. Mmoja anakwaruza gitaa kwa kijiko, wa pili anagonga bati, wa tatu anaburuta kiti changu cha jikoni sakafuni, wala hakuniomba. Mwimbaji msichana, mwembamba, wenzake wanamwita Sindano. Yeye ndiye aliyekuwa na maneno ya kueleweka.

Siku ya kupatanisha sauti, bati na kiti vikawekwa spika ya kushoto, Sindano kulia. Masikio akaona kushoto kumepwaya, akapandisha. Bado kumepwaya. Akapandisha tena. Mimi niko mlangoni na ufagio wangu, nasikia bati limemmeza msichana mzimamzima.

"Mtoto wa watu hasikiki," nikamwambia.

"Dada, kazi hii huijui."

Nikaenda zangu kufagia.

Albamu ikatoka, ikasifiwa. Eti sauti imezamishwa makusudi, unaitafuta kama mtu anayeita kutoka kisimani. Watu wakaja kumpa mkono fundi. Akapokea mikono yote, meno nje.

Mwaka uliofuata Sindano akarudi na wenzake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kiti changu msikiguse."

Akacheka, akamgeukia Masikio. "Mzee, ile ulinizamisha ikapendeza. Lakini mama yangu hakusikia hata neno moja. Nyimbo hizi mpya nimemwimbia yeye. Nataka anisikie."

Masikio akatazama vitufe vyake. Akanitazama mimi. "Dada, njoo ukae hapa kushoto kwangu. Uwe unaniambia."

Ningeweza. Haihitaji shule, ni kukaa na kusikia. Sikukaa. "Waambie mwenyewe," nikasema.

Akawaambia. Kwamba hakumzamisha mtu, sikio limekufa, hakusikia. Yule wa bati akacheka, kadhani utani. Sindano hakucheka.

"Mbona hukusema, mzee?"

"Mngeniletea kazi?"

Wakakusanya waya zao. Hawakumtukana, na mlangoni Sindano alimpa mkono. Wakaenda kurekodi kwa fundi mwenye masikio mawili. Nasikia mama mtu aliisikiliza albamu hiyo yote, mwanzo mpaka mwisho.

Habari ilitembea, na kwaya nazo zikahama. Siku hizi Masikio anatengeneza pasi na feni, na magodoro tumeyashusha, tunayalalia. Ile albamu ya kwanza bado anaiweka mchana akimaliza kula. Anakaa kichwa kimepinda, sikio zima limetazama spika.

"Unasikia nini?" nilimuuliza juzi, upande wa kulia.

"Nusu, dada."

"Shukuru. Mimi ya mama sina hata robo."

Akazima, akarudi kwenye feni zake.