Mkwe Nje ya Dirisha

Siku wathibiti ubora wa shule walipokuja, Mwalimu Lukresia alikuwa ameshafuta ubao mara nne kabla kengele haijagongwa. Hakuwa ameandika kitu. Alifuta tu, maana mikono yake ilitaka kazi, na mwalimu wa miaka hamsini na minane hapendi watoto wa miaka minane wamwone ana hofu.

Hofu yake ilikuwa na sababu. Mwaka uliotangulia Darasa lake la Pili lilifanya vibaya katika upimaji wa kusoma na kuandika, na Mwalimu Mkuu, Anatoli, Mhaya mmoja nadhifu ambaye vumbi la kata hii ya Ngulyati halijawahi kumpata, alimwambia bila kuzunguka: ripoti ya safari hii ikiwa mbaya, darasa atapewa Joyness, binti aliyetoka chuoni juzi, na yeye Lukresia atashika stoo ya vitabu mpaka astaafu. Kwa mwingine hayo yangekuwa mapumziko. Kwa Lukresia yalikuwa ni kuzikwa akiwa hai. Alikuwa amefundisha Darasa la Pili miaka thelathini na mmoja. Nusu ya watu wa kata ile walijifunza kuandika mbele yake, akiwamo mwenyekiti wa kijiji, ambaye mpaka leo mwandiko wake ni balaa, lakini hilo ni kosa lake mwenyewe.

Ugomvi ulikuwa juu ya ufundishaji wake. Watoto wa huku wanakuja shule na Kisukuma chao, na Kiswahili wanakikuta darasani. Wakianza kuandika, miisho ya vitenzi ndiyo inayowatoa jasho. Mtoto anasikia chukua, anaandika chukuwa. Anasikia kimbia, anaandika kimbiya. Ukimwambia hapo hakuna w wala y, anakutazama kwa huruma, kwa sababu yeye ameisikia kwa masikio yake mwenyewe. Joyness huandika miisho ubaoni, watoto wakaikariri kwa kuimba. Lukresia hafanyi hivyo. Kila asubuhi huwauliza watoto ni kazi gani wamefanya nyumbani kabla ya kuja, na kazi hizo ndizo zinazoandikwa. Mmoja amefagia. Mwingine amekamua. Mwingine amewafungulia ndama. Neno ulilolifanya kwa mikono yako, ndivyo anavyoamini, haliponyoki upesi kichwani. Anatoli aliuita utaratibu huo umbea wa asubuhi.

Basi alikuwa anaufuta ubao mara ya tano pikipiki iliposimama uwanjani. Walitarajiwa wathibiti wawili, mmoja wa madarasa ya juu na mmoja wa madarasa ya chini. Akashuka mmoja. Lukresia alichungulia dirishani, akaona kofia, akaona namna mtu yule anavyotembea akiinamisha bega la kushoto, akajitoa dirishani. Alikuwa mkwe wake.

Jina lake ni Josia. Mimi naweza kulitaja kwa kuwa sikumzaa mkewe. Lukresia hakuwa amelitamka tangu siku Josia alipomwoa Scola, binti yake wa pili, miaka sita iliyopita. Katika miaka hiyo yote, kwa mila ya Kisukuma, mama mkwe na mkwe hawakuwahi kukaa chumba kimoja. Josia akija kusalimia huketi kule upande wa zizi, chakula anapelekewa, na salamu zinapita kwa Scola hata kama kila mmoja anamsikia mwenzake vizuri. Siku moja walikutana ghafla sokoni Bariadi, kila mtu akageukia meza iliyokuwa karibu. Lukresia alirudi nyumbani na kamba ya kufungia punda, na punda hana.

Kumbe Josia alipangiwa madarasa ya juu, na alikuwa amejipa moyo kwamba ataingia na kutoka shuleni pale bila kulikaribia Darasa la Pili. Mwenzake akaamkia homa. Kazi yote ikamwangukia yeye, na ripoti ilitakiwa wilayani kesho yake. Alimweleza Anatoli ofisini kwamba mwalimu yule ni mama mkwe wake, kwamba hilo ataliandika wazi, na kwamba hata hivyo hawezi kukaa naye ndani. Anatoli alicheka. Akasema kwao Muleba mtu akimkuta mama mkwe wake kazini anapata bahati, na kwamba serikali haikutuma mkwe, imetuma mthibiti.

Josia alibeba kiti mpaka kwenye Darasa la Pili. Hakuingia. Alikiweka nje chini ya dirisha, akaketi kaupa ukuta mgongo.

"Mwangaluka, mayu," alisema, yaani umeamkaje, mama, akiusalimia uwanja.

"Mwangaluka," Lukresia aliujibu ubao.

Akaanza kipindi, akijipa moyo kwamba huenda ni afadhali hivyo. Mtu atasikia, na kusikia kunatosha. Akawauliza watoto kazi za asubuhi. Kwa kawaida hapo ndipo darasa linapochemka, kila mkono juu, kila mmoja anataka kazi yake iwe ya kwanza. Siku hiyo watoto tisini na wanne walilitazama dirisha. Ndipo Salu, msichana wa dawati la mbele ambaye hakuna harusi ya kijiji iliyompita, akamnong'oneza jirani yake kwamba yule wa nje ni mkwe wa mwalimu.

Habari ilifika dawati la mwisho kabla Lukresia hajageuka. Watoto wa Kisukuma hawakuhitaji kufundishwa maana yake. Mkwe akiwa karibu, nyumba hutulia. Hapigiwi kelele, hapayukiwi. Darasa zima likainamisha macho, na kuanzia hapo kila aliyejibu alijibu kwa sauti ya mtu aliye msibani. Mmoja alinong'ona kwamba amefagia. Mwingine alitikisa midomo tu. Lukresia aliwaambia waseme kwa nguvu, wakazidi kushusha sauti, wakidhani mwalimu anawapima adabu.

Nje ya dirisha mtu ameketi na kalamu, na kinachomfikia ni kimya. Ataandika nini? Akiandika ukweli, ataandika kwamba darasa limekufa, na Jumatatu Joyness ataingia na nyimbo zake. Akiandika uongo kwa kumstahi mama mkwe wake, hilo ni baya zaidi, maana litajulikana, na yeye atabaki na darasa alilopewa kwa huruma. Lukresia aliona miaka yake thelathini na mmoja inazimwa na heshima, tena heshima ambayo yeye mwenyewe aliwasisitizia watoto hawa kila siku. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa mbele ya ubao.

Alitembea mpaka mlangoni, macho kayashusha chini.

"Baba Kulwa," alisema, akimwita kwa jina la mmoja wa mapacha wa Scola, wajukuu zake. "Ingia ndani."

"Mayu, siwezi."

"Huko nje wewe ni mkwe. Humu ndani mimi ni mwalimu na wewe umetumwa. Ingia uandike unachokiona, hata kikiwa kibaya."

Lukresia alijua jioni habari zitakuwa zimefika Malampaka kwa dada zake, na kwamba mama yake, angekuwa hai, angedai mbuzi wa kuomba radhi. Josia aliingia ubavu ubavu, kofia imemfunika macho, akapita ukutani mpaka nyuma, akajikunja kwenye dawati la mtoto, magoti karibu na kidevu.

Kuona mkwe ameitwa ndani na dunia haijapasuka, watoto wakapata pumzi. Salu alikuwa wa kwanza kuinua mkono, akaja ubaoni kwa mbwembwe, akaandika kazi yake ya asubuhi: nimekamuwa.

Lukresia aliitazama ile w na mkono ukataka kuifuta. Akauzuia. Alimwomba Salu asome maneno ya jana ya wenzake yaliyobaki kwenye karatasi ukutani, fungua, chukua, pakua, kisha arudi kwenye lake. Salu alisoma, akarudi, akasimama. Darasa likaanza kumpigia kelele za msaada, zile kelele za siku zote, na yeye akawaambia wanyamaze kwa kuwa ng'ombe alimkamua mwenyewe. Akaifuta herufi ile kwa kiwiko. Baada ya hapo Lukresia alisahau kuogopa kwa robo saa hivi. Aliposogea nyuma ya darasa akamkumbuka mkwe wake, akageuka haraka na kurudi mbele.

Josia alikusanya madaftari, akayasoma yote, akaondoka bila kuaga.

Alasiri Anatoli alimwita ofisini. Alikuwa na nakala ya ripoti mkononi na uso wa mtu aliyetaka kucheka akashindwa. Alisema darasa ni lake, basi, mpaka astaafu, kisha akampa asome. Mstari wa kwanza ulitaja ukwe wao. Uliofuata haukumbembeleza: watoto sitini na mmoja wanaandika miisho sawasawa, thelathini na watatu bado, waandaliwe vipindi vya ziada. Lukresia alisoma thelathini na watatu mara mbili. Akaendelea mpaka kwenye kipengele kinachouliza jinsi mwalimu anavyosimama, anavyotazama na anavyotumia mikono mbele ya wanafunzi. Hapo Josia alikuwa ameandika kwa mkono wake:

"Mwalimu sikumtazama, kwa sababu ni mama mkwe wangu. Niliwatazama watoto. Wao hawakuacha kumtazama."