Ua Lililoondoka

Wiki iliyopita nilikuwa mbugani Meru, simu mkononi, nikipiga picha kila kitu kilichokubali kutulia. Nilipiga waridi la jangwani lenye shina nene kama mguu wa ndovu. Nikampiga picha vunjajungu mwenye alama ya jicho kwenye bawa, na ua jekundu ambalo petali zake zimepinda kwenda juu kama ndimi za moto. Kisha, karibu na kijito, nikaona kijiti kimesimama wima, maua ya rangi ya waridi yamekishika pande zote, na kwenye ncha kuna vichipukizi vya kijani. Niliinama, lakini sikupiga picha. Ngoja nikueleze kwa nini.

Nyanya yangu aliishi Mitunguu, katikati ya migomba, na mbuzi wake wachache na jiko la nje lililonuka moshi na maziwa. Mimi ndiye niliyetumwa kulala kwake, kwa kuwa sikuwa na maneno mengi. Asubuhi kazi yangu ilikuwa kuamsha moto, na nikipuliza kwa nguvu jivu linaruka mpaka kwenye sufuria ya chai.

"Moto haupigwi kofi," Nyanya alikuwa akisema. "Moto unaamshwa."

Alikuwa na hadithi moja ambayo kila mgeni aliisikia. Alipokuwa msichana, akichunga mbuzi huko chini kabla hakujaitwa mbuga, aliona ua zuri, waridi chini na kijani juu, akataka kulichomeka nyweleni. Lilikuwa na vumbi. Akalipuliza taratibu, na ua likaondoka. Petali zote ziliruka, kila moja ikashika njia yake, akabaki anatazama kijiti kitupu.

Sisi watoto tulicheka. Mjomba, mwanawe wa kwanza aliyekaa Nkubu, alikuwa akimtania, "Mama, siku hiyo ulitafuna miraa ya nani?" Lakini mwaka niliokuwa darasa la sita aliacha kutania. Siku moja nikimenya ndizi nilimsikia akimwambia mama yangu, "Akili yake inapotea. Anayeona maua yakitembea, kesho ataacha nyumba iungue. Baada ya Krismasi ninamchukua akae kwangu. Mbuzi tutauza."

Nyanya alikuwa mlangoni. Tangu siku ile hakuisimulia tena ile hadithi, na jioni alikaa zizini kwa muda mrefu, akimkuna kila mbuzi kati ya pembe.

Muhula ule shule yetu ikapanga safari ya mbugani. Jirani mmoja mwenye lori la kubeba ndizi alikubali kutupeleka. Tuliondoka alfajiri tukiwa tumekalia majani makavu ya migomba, tumebeba viazi vitamu kwenye mifuko na chai kwenye mtungi, tukiimba mpaka koo zikauma. Wengine waliimba, mimi nilifungua mdomo tu. Mwalimu wa sayansi alikuwa na kamera ya filamu shingoni, na hakuna aliyeruhusiwa hata kuigusa. Tuliona twiga, tukapiga kelele. Tuliona ndovu, mwalimu akatunyamazisha kwa macho. Kila mlio wa kamera tulishangilia kama bao limefungwa.

Mchana tuliteremka penye kijito chini ya mikoma, mahali ambapo watu waliruhusiwa kushuka. Mwalimu akatangaza kwamba imebaki picha moja, na hiyo ni ya simba. Darasa zima likasema, "Simba! Simba!"

Nilikwenda kusuuza kikombe. Na pale, hatua chache kutoka majini, nikaliona. Lilikuwa vile vile alivyosema Nyanya, waridi chini na kijani juu. Nikachuchumaa. Petali moja ilikuwa na jicho. Jicho dogo jeusi, na mguu uliosogea kidogo kama wa mtu anayekaa vizuri kanisani. Chini yao, kwenye gome, walikaa wengine wadogo weupe wenye manyoya kama pamba. Walikuwa wadudu! Wadudu wamejipanga wakawa ua!

Sijawahi kukimbia namna ile.

"Mwalimu, ile picha moja. Kuna ua."

"Ua?" Mwalimu alikuwa na kiazi mdomoni. "Maua hata kwenu yako."

"Si ua. Ni wadudu. Nyanya aliwaona."

Wenzangu waliangua kicheko. Msichana mmoja akasema, "Kumbe anaweza kuongea! Na ameanza na uongo!" Mwalimu akanitazama sana, pengine kwa sababu hakuwa amewahi kusikia sauti yangu bila kuniuliza swali mara mbili. "Sawa," akasema. "Nikikuta ni ua, utasimama mbele ya lori uimbe peke yako mpaka Mitunguu."

Akilini niliwaona wale mbuzi wa Nyanya wakiuzwa, nikatangulia.

Alipofika alisimama akatikisa kichwa. "Wewe mtoto, hili ni ua."

"Shika kamera, Mwalimu."

Nikapuliza, polepole, kama nipulizavyo kaa lililolala chini ya jivu. Petali moja ikaruka. Kisha zote, hewa ikajaa waridi na kijani, na Mwalimu akapiga ukelele wa mtoto huku kidole chake kikibonyeza. Nilicheka mpaka nikakaa kwenye matope. Wenzangu wote walikuwa nyuma yetu, midomo wazi.

Jioni tukitoka, simba dume alikuwa amelala katikati ya barabara, anapiga miayo. Filamu ilikuwa imekwisha. Nilizomewa mpaka nyumbani, na nilikuwa na furaha kama bibi harusi.

Filamu iliposafishwa Meru mjini, Mwalimu alinipa ile picha. Nusu yake ilikuwa kijiti kilichobakiwa na maua machache, nusu nyingine mabawa angani. Jumapili Mjomba alipokuja, nilimwekea mkononi kabla hajakaa.

"Hii ni nini?"

"Ni ua la Nyanya. Linaondoka."

Akaigeuza, akaiangalia tena. Nyanya akasema kutoka jikoni, "Mwachie mwenye akili atueleze."

Mjomba aliishika ile picha hadi chai ikapoa. Mwishowe akasema, "Mama, hawa mbuzi wako msimu huu wanakula nini?" Hakutaja Nkubu tena. Alipoondoka, Nyanya alinitemea mate kidogo kiganjani, jinsi wazee wetu wanavyobariki, akanifunga vidole nisiyamwage.

Nyanya alifia kwake, miaka mingi baadaye, mbuzi wakilia nje. Jiko lile limebomoka, migomba imekatwa. Wenzangu nikikutana nao bado wananidai simba. Picha ninayo, ila rangi ya waridi imepauka, na usipoambiwa utadhani ni karatasi iliyomwagikiwa chai.

Ndiyo maana wiki iliyopita niliweka simu mfukoni. Niliusogeza uso nikapuliza. Kijiti kiliyumba kikarudi, na hakuna kilichoruka. Lilikuwa ua tu, zuri, lenye harufu ya asali. Mlinzi wa mbuga aliyepita aliniuliza nimepoteza nini.

Niliinama nikapuliza tena, polepole, kama anayeamsha moto.